Kigoda Kirefu

Gita langu la kwanza liliundwa kwa galoni ya mafuta ya kupikia, ubao wa kreti ya soda na kamba za nailoni ambazo binamu yangu alizikata kwenye wavu mkuukuu kule ufuoni Homa Bay. Lilikuwa na nyuzi nne na sauti ya mbu. Niliundiwa nikiwa kitandani, nyumbani kwetu upande wa Ndhiwa, mwaka 1995. Nilikuwa na miaka tisa. Mifupa ya miguu ilikuwa ikiniuma kiasi kwamba shuka ikinigusa tu nalia, kwa hiyo mama alikuwa ametega vijiti viwili kando ya godoro na kuitandaza shuka juu yake kama hema. Binamu akalipitisha gita chini ya hema lile, akaniwekea kifuani.

Nikavuta uzi mmoja. Maumivu hayakupungua hata kidogo, nisimdanganye mtu. Ila kabla ya hapo chumba kizima kilikuwa na maumivu peke yake, na sasa kilikuwa na maumivu na sauti. Nikavuta tena.

Wakati huo hakuna aliyejua jina la ugonjwa wangu. Zahanatini walisema malaria, na mara nyingine ilikuwa malaria kweli. Jirani walisema chira, ile laana inayomfuata anayevunja mwiko wa jamii. Walikuwa na ushahidi wao: kaka yangu, aliyezaliwa kabla yangu, alifariki akiwa na miaka minne, macho yake ya njano kama yangu, vidole vyake vimevimba kama vyangu vilivyovimba nikiwa mchanga. Watoto wawili wa tumbo moja, dalili zile zile. Wakamtazama mama. Nyanya yangu mzaa baba alimuuliza mbele ya wageni ni mwiko gani aliouvunja alipoolewa. Mama aliinama, akaendelea kuchambua mtama. Tangu nipate akili sikuwahi kumsikia akilitaja jina la kaka yangu.

Nilipofika miaka kumi na mmoja, mganga mmoja wa hospitali alinitoa damu na kuitazama kwa hadubini. Akamchorea baba kwenye karatasi ya dawa duara moja, kisha umbo jingine lililopinda kama mundu. Chembe za damu yangu, akasema, zikikosa hewa au maji hujikunja hivi, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Pale zinapokwama ndipo panapouma. Ni selimundu. Akaeleza kwamba mtoto huipata anaporithi chembe ya urithi ya aina hiyo kwa baba na kwa mama, wote wawili, na kwamba wazazi wenye chembe moja moja wanaweza kuishi miaka yao yote wasiumwe. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Kwa baba na kwa mama, wote wawili. Ningetamani nyanya angekuwepo chumbani asikie maneno yale.

Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchi hii akipima damu za watu, akaona jambo la ajabu: karibu na ziwa na kule pwani, wabebaji wa chembe ile ni wengi, ukipanda nyanda za juu zenye baridi, wanapungua mno. Mwaka 1954 akatoa maelezo yake. Mbebaji wa chembe moja hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria kali, na palipo na mbu kwa karne nyingi, chembe hiyo imebaki. Nilisoma mistari hiyo mara tatu. Babu zetu walioishi kando ya ziwa hili walipona malaria kwa kitu kile kile kilichomuua kaka yangu. Haikuwa chira. Ilikuwa ni bei, na sisi wawili ndio tuliodaiwa.

Tulipotoka hospitalini siku ile ya hadubini, mama alinishika mkono mpaka stendi ya matatu, hakusema neno. Tulipokaa kwenye kiti akaniambia kwa sauti ya chini, "Nyathina, mwanangu, hili tusimwambie mtu." Sikumlaumu, na simlaumu leo. Alijua dunia aliyokuwa akiishi. Msichana mwenye damu mbovu ataolewa na nani? Lakini ile sentensi niliibeba miaka kumi na miwili, na kati ya vyote nilivyobeba hakuna kilichokuwa kizito kama hicho.

Muziki wenyewe ulikuja kwa redio. Kwetu Luo Nyanza benga, muziki wetu wa gita, haisikilizwi, inakaliwa. Unazaliwa ndani yake. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, ng'ambo kidogo tu ya mpaka, upande wa Tanzania, na Shirati Jazz yake ilipigwa kwenye kila duka lenye betri. Muziki huu ulitoka ufuoni kwetu ukafika Zimbabwe, na huko wakauita kanindo, kwa jina la mzalishaji wa rekodi Oluoch Kanindo. Mimi nilikuwa nikifuata gita la solo. Nilishajua nyimbo zinaanza polepole, mwimbaji anasema yake, kisha sauti inanyamaza na gita linachomoka peke yake, linakimbia, besi ikilifukuza kwa nyuma. Hapo ndipo nilipotaka kuishi.

Kisha, nikiwa shule, redio ikaanza kupiga "Dunia Mbaya" ya Princess Jully. Alikuwa mwanamke wa Migori. Mumewe, Prince Jully, alifariki, naye akaishika bendi, akasimama mbele ya wanaume na magita yao na kuionya nchi nzima kuhusu ukimwi wakati ambapo watu walikuwa wakizikana huku wakisema marehemu aliumwa kifua. Kwangu ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Mwanamke, wa huku kwetu, anashika bendi, na anautaja ugonjwa kwa jina lake mbele ya kipaza sauti. Sehemu ya kwanza niliiga. Ya pili sikuiona kabisa.

Nilifika mjini Migori mwaka 2006, mwaka ule ule Misiani alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu. Nilikuwa na miaka ishirini, na gita la umeme nililolinunua kwa pesa za kuuza omena. Bendi iliyonichukua ilinijaribu kwa wimbo mmoja tu, kiongozi wetu akasema, "Huyu binti ana mkono," basi. Wakaniita Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa. Tulipiga Migori mjini Ijumaa na Jumamosi, Awendo miwa ikishalipwa, Rongo siku za soko, Isebania mpakani. Na tulipiga matanga. Matanga ndiyo yaliyotulisha. Familia inakesha na marehemu, vijana wanataka muziki, jenereta inanguruma nyuma ya migomba, na unapiga kuanzia saa tatu usiku mpaka ndege waamke.

Yeyote anayeijua selimundu ameshaona tatizo. Baridi huleta maumivu. Kukosa usingizi huleta maumivu. Kukosa maji huleta maumivu, nami nilikuwa sinywi maji kwa makusudi, kwa sababu kwenye boma la watu usiku wa manane mwanamke akitaka kwenda msalani ni safari. Pombe sikuigusa, nikidhani hiyo inatosha. Ndani ya gauni la jukwaani nilivaa sweta mbili. Vidole vilipoanza kuvimba niliomba tupige nyimbo za polepole. Nikiulizwa, nilijibu nina vidonda vya tumbo. Wanabendi wakawa wananiletea maziwa, na kila glasi ya maziwa niliyoipokea ilikuwa uongo mwingine.

Niliamini ndivyo mapenzi ya muziki yanavyotaka. Tumezoea kusikia hadithi ya msanii aliyeumwa na akapiga, akavuja damu na akapiga. Niliipenda hadithi hiyo. Nilitaka iwe yangu.

Agosti 2009 tulipiga Karungu, matanga ya mvuvi, boma liko hatua chache kutoka ziwani. Upepo wa ziwa saa nane za usiku hauna huruma. Maumivu yalianzia mgongoni, yakashuka kwenye mapaja, kisha yakaingia kifuani, na kifuani hayakuwahi kuingia kabla. Tulikuwa kwenye ile sehemu ninayoipenda, sauti imenyamaza, solo ni langu. Nakumbuka nilitazama mkono wangu wa kushoto ukibana nyuzi nikaona kama ni wa mtu mwingine. Nikaanguka na gita, likapiga kelele ile mbaya ya spika, na watu wakashangilia wakidhani ni madoido.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, muuguzi wa zamu alinitazama nikilia, akasema wasanii wanapenda sindano. Nilimwambia ninaumwa nini, akanijibu kwamba wenye ugonjwa huo hawafiki miaka yangu. Nilisubiri hadi asubuhi ndipo nikapewa dawa ya maumivu. Hewa ilikuwa haitoshi kwenye damu yangu. Niliongezwa damu painti mbili. Na mjini Migori habari zikawa zimeshatembea: Nyar Ndhiwa amekonda, Nyar Ndhiwa anaanguka, basi ni ule ugonjwa. Katika kaunti zetu hizi mbili, Homa Bay na Migori, ambako ukimwi umezika watu wengi kupita sehemu nyingi za nchi, mtu akikonda hakuna anayetafuta jibu jingine.

Siku ya nne kiongozi wa bendi alikuja na ndizi na gita langu. Alikuwa amelibeba bila kasha kwenye matatu kutoka Karungu. Akakaa. Hakuuliza. Nadhani kwa sababu hakuuliza ndiyo maana nilimwambia. Nilimwambia yote: hadubini, mundu, kaka yangu, mama kwenye matatu, vidonda vya tumbo visivyokuwepo. Nilidhani atasema pole kisha atafute mpiga solo mwingine.

Alinyamaza sana. Halafu akasema, "Kwa hiyo maji. Maji kiasi gani?"

Nikamwambia lita tatu kwa siku, zaidi nikipiga.

"Na baridi. Ukipiga mpaka saa sita, si saa kumi na mbili?"

Aliuliza kama mtu anayepanga nyimbo za onyesho. Mzee yule hakuwa amesoma sana, na sijui kama alinielewa kuhusu chembe za damu. Alichokielewa ni bendi. Ndani ya bendi kila mtu ana udhaifu wake na wimbo hupangwa kwa kuujua: mwimbaji asiyefika juu anashushiwa ufunguo, mpiga ngoma mzito hapewi nyimbo za mbio. Miaka mitatu nilikuwa nimemnyima habari aliyoihitaji ili apange. Tangu hapo dumu la maji lilikaa kando ya amplifaya yangu, na kila baada ya nyimbo mbili mpiga besi alinisukumia kikombe kwa mguu. Nilipiga hadi saa sita, kijana mwingine akachukua solo mpaka asubuhi. Malipo yangu yakawa nusu. Wawili kati ya wenzangu walinung'unika kwamba nabebwa, mmoja akaondoka. Siwezi kusema kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini kulazwa kulipungua, nami nikaacha kupokea maziwa.

Nikaanza pia kutafuta wenzangu. Niligundua kwamba Miles Davis, mpiga tarumbeta yule wa Marekani ambaye muziki wake sikuuelewa vizuri mwanzoni, alikuwa na selimundu, na ndiyo iliyomharibia nyonga. Tionne Watkins, T-Boz wa kundi la TLC, anayo pia. Prodigy wa Mobb Deep aliishi nayo hadi alipofariki mwaka 2017. Nilikuwa nimedhani niko peke yangu kati ya wapiga muziki wote wa dunia, na kumbe tulikuwa wengi, kila mmoja na dumu lake la maji.

Dawa ya haidroksiuria nilianza kuitumia nikiwa nakaribia miaka thelathini. Ilinipunguzia vipindi vya maumivu kwa namna ambayo hakuna maombi wala mizizi iliyowahi kufanya, na yeyote mwenye mtoto mgonjwa aiulizie kliniki bila kuona haya. Kuna miezi niliikosa dukani, na miezi ilipokuwepo dukani nilikosa pesa. Hilo linanikasirisha mpaka leo. Ukanda huu ndio wenye wagonjwa, na mama wa kule Nyatike anapanda matatu mbili akitafuta kidonge.

Mwaka 2018 nyonga ya kulia ikakataa. Picha ilionyesha kichwa cha mfupa wa paja kimesagika kama chokaa iliyolowa. Damu haikukifikia muda mrefu, mfupa ukafa. Kupiga gita la benga umesimama kwa saa tatu kukawa hakuwezekani. Nikiwa na magongo sikuwa na mkono wa kushika gita. Nilirudi Ndhiwa. Machi 2020 corona ikaingia nchini, kafyu ikatangazwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na kwa aibu ninakiri kwamba nilipata nafuu kidogo moyoni: sasa hakuna aliyekuwa akipiga. Oktoba mwaka huo Princess Jully akafariki. Nilimlilia kama ndugu, mtu ambaye hakuwahi kunijua.

Karibu na kwetu alikuwako mzee mpiga nyatiti. Utotoni nilimwona kama kitu cha zamani. Nikaanza kwenda kwake jioni kwa sababu palikuwa karibu kwa mtu wa magongo. Nyatiti ni bakuli la mti lililowambwa ngozi, lina nyuzi nane, siku hizi za nailoni ya wavuvi, ile ile ya gita langu la galoni. Mpigaji huilaza ubavuni mwake. Mguuni ana njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu ana pete ya chuma ambayo huigonga kwenye ukingo wa mti. Mikono inapiga nyuzi, mguu unapiga ngoma, mdomo unaimba. Ni bendi nzima ya mtu mmoja.

Na mtu huyo ameketi.

Sijui ilinichukua jioni ngapi kuliona hilo. Nilikuwa nikitazama vidole vyake, jinsi uzi mmoja unavyoulizwa na mwingine unajibu, nikitambua kwamba vile vipande nilivyovipiga miaka yote kwenye solo vilitoka hapa, kwamba waasisi wa benga walihamisha nyatiti kwenye gita na mimi nilikuwa nikipiga tafsiri ya lugha nisiyoisoma. Halafu nikaona kigoda. Karne zote hizo muziki huu ulipigwa na mtu aliyeketi. Kusimama kulikuja juzi, na gita la umeme na mkanda wake.

Nikamwomba anifundishe. Kwa mila zetu nyatiti ni ya wanaume, nami nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilikuwa na mfano wa Anyango, msichana wa Kijapani aliyekuja Siaya akajifunza na kupiga mbele ya dunia. Mzee hakunipa nafasi ya kuutumia mfano wangu. Alitazama magongo yangu na kile kigoda chake kifupi, akasema, "Hiki kitakuumiza. Nyonga yako haikunji hivyo." Siku ya tatu yake seremala wa pale sokoni akaja kunipima kwa kamba, kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti. Kigoda changu kina urefu karibu mara mbili ya kile cha mzee, kimeinama kidogo upande wa kulia ili nyonga ipumue. Nikiketi juu yake napiga nyatiti, na gita langu nalo nalipiga juu yake. Mkono uleule ambao kiongozi wangu aliusifu haukuwa na shida yoyote. Ulikuwa ukisubiri pa kukaa.

Bendi yetu ilirudi polepole baada ya corona, wachache. Desemba 2022 tuliitwa kupiga harusi Kabuoch, mchana, jua kali, kivuli cha miembe. Harusi ndizo ninazozichagua sasa. Mama alikuja. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuja kunisikiliza. Alikuwa amevaa leso mpya, ameketi na wanawake wa rika lake upande wa jikoni.

Kwenye muziki wetu kuna pakruok. Msikilizaji anakuja mbele, anatoa pesa, na bendi nzima inasimama. Wimbo unakatwa popote ulipo. Yeye anashika kipaza sauti na kujitaja: mimi ni fulani, mwana wa fulani, rafiki wa fulani, mwenye ng'ombe wale, wa kilima kile. Anaisifu nafsi yake na watu wake, wengine wanaitikia, kisha muziki unaendelea pale ulipoachwa. Wageni huona kama usumbufu. Kwetu ndiyo kiini: muziki unasimama ili mtu atajwe.

Walikuja wanaume kadhaa, mmoja na noti ya elfu. Halafu nikaona leso ile mpya inapita katikati ya viti. Mama aliweka shilingi hamsini kwenye sinia. Mpiga ngoma akanyanyua mkono, tukasimama. Mikono yangu ilibaki juu ya nyuzi. Alikishika kipaza sauti kama anavyoshika simu, karibu mno na mdomo, kikalia, akakisogeza.

Akasema yeye ni mama wa Nyar Ndhiwa, huyu hapa aliyeketi kwenye kigoda kirefu, mwenye damu ya mundu. Watu wakaitikia. Akangoja wanyamaze. Kisha akasema yeye ni mama wa mwingine pia, aliyemtangulia huyu, na akalitaja jina lake, lote, la kubatizwa na la ukoo. Sikuwa nimelisikia likitoka mdomoni mwake maishani mwangu. Sitaliandika hapa, alilitoa yeye, pale, kwa shilingi hamsini zake.

Alirudi kukaa. Mpiga ngoma alinitazama akisubiri ishara, na mpiga besi akanisukumia kikombe cha maji kwa mguu. Nikanywa. Tukaanza tena pale pale tulipokuwa tumeachia.